Nimefuta majina kwenye jedwali la wanafunzi wenye ulemavu. Je, inatosha?

SWALI: Mimi ni afisa elimu maalum katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Madiwani wanalalamika kwamba hawaoni fedha za elimu maalum zinafanya nini, na mkurugenzi ameagiza tuweke kwenye tovuti na kwenye mbao za matangazo za kata jedwali la wanafunzi wenye ulemavu, shule kwa shule: aina ya ulemavu, jinsi na darasa. Nimefuta majina na namba za wanafunzi. Mwenzangu wa TEHAMA anasema hapo sheria haitugusi tena. Mimi moyo haujatulia. Nifanye nini, nisije nikaonekana naficha mambo?

JIBU: Habari za kazi, Mwalimu. Haitoshi, na nakuomba jedwali hilo usilibandike lilivyo.

Jina ni njia moja tu ya kumtambua mtoto. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya kata nikimsubiri mtendaji. Ubaoni, kati ya tangazo la chanjo ya mifugo na ratiba ya mkutano wa kijiji, palikuwa na jedwali kama lako, limegongwa muhuri. Kijana aliyefuata barua ya utambulisho alipitisha kidole kwenye mstari wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, akafika penye "ualbino, ke, darasa la 3: 1", akamgeukia mwenzake: "Huyu wa kwa mama muuza dagaa." Hakuwa na nia mbaya. Alisoma tu kile sisi watu wa takwimu tulichomwandikia.

Wewe uko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo unajua kwa nini hilo lilinikosesha usingizi. Mwaka 2024 huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwili wake ukapatikana baadaye. Takwimu za ualbino haziwezi kuandikwa kama tunavyoandika idadi ya madawati.

Kuhusu mwenzako wa TEHAMA: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuishia kwenye majina. Inazungumzia taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na taarifa za afya na za watoto inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama jina limefutwa. Jiulize kama mtu wa mtaani, kwa anayoyajua tayari, akisoma jedwali atamjua mtoto. Kijana wa pale ofisi ya kata alimjua kwa muda wa kupitisha kidole.

Lakini usije ukalifungia jedwali kabatini. Nasema hivi kwa sababu nimeona maofisa wakitumia neno "faragha" kama kufuli, na watoto wakakosa mashine za breli kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba hazipo. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Marekani walipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, na kuhesabu kukawa sehemu ya wajibu wa kila jimbo. Sheria hiyo, ambayo leo inaitwa IDEA, katika kifungu cha 618 inaagiza majimbo yaripoti takwimu hizo kwa umma, na papo hapo inaagiza ziripotiwe kwa namna isiyomfichua mtoto mmoja mmoja. Amri mbili katika kifungu kimoja. Na sisi kazi yetu ndiyo hiyo hiyo.

Sasa tuingie kwenye jedwali lenyewe. Nimetunga mfano wa kata yenye shule tatu, nimeacha jinsi na darasa ili tuone vizuri:

Shule A: uoni hafifu 12, viziwi 11, ulemavu wa akili 23, ualbino 1, jumla 47.
Shule B: uoni hafifu 15, viziwi 13, ulemavu wa akili 18, ualbino 0, jumla 46.
Shule C: uoni hafifu 10, viziwi 16, ulemavu wa akili 21, ualbino 2, jumla 49.
Kata nzima: 37, 40, 62, 3, jumla 142.

Hatua ya kwanza ni kuweka kiwango cha chini: idadi yoyote iliyo chini yake haichapishwi. Marekani serikali kuu haikuweka namba moja kwa wote; kila jimbo linachagua, na mengi yamechukua 10. Nakushauri uchukue 10 pia, uandike chini ya jedwali ili kila msomaji ajue. Basi kwenye safu ya ualbino tunaweka kinyota badala ya 1 na 2.

Wengi huishia hapo na kuona wamemaliza. Chukua kalamu. Shule A jumla ni 47. Toa 12, toa 11, toa 23. Imebaki 1. Kinyota hakijaficha kitu. Mtoto wa darasa la tano angekifungua.

Kwa hiyo unaficha kisanduku cha pili kwenye mstari huohuo, tuseme viziwi, 11. Sasa anayetoa anapata 12 kwa makundi mawili na hawezi kuyatenganisha. Lakini safu ya viziwi nayo ina jumla: 40 toa 13 toa 16, unapata 11, na tumerudi tulipoanza. Inabidi ufiche na viziwi wa shule C. Halafu unashuka kwenye mstari wa kata: 3 nayo iko chini ya 10, ukiificha peke yake, 142 toa 37 toa 40 toa 62, hiyo 3 inajitokeza yenyewe. Lazima ufiche jumla nyingine. Ukija kuinua kichwa, jedwali limejaa vinyota na diwani ana haki ya kuuliza ni nini hiki.

Na bado kuna jambo baya zaidi kwa ualbino. Ukiandika 0 penye sifuri na kinyota penye 1 mpaka 9, basi kinyota chenyewe kinasema: hapa yupo. Shule B hayupo, shule A yupo. Kwa ulemavu mwingine pengine hilo linavumilika. Kwa mtoto huyu, kujulikana tu kwamba yupo ndiyo hatari yenyewe. Kama utatumia vinyota, sifuri nayo iwe kinyota.

Mimi ningeacha vinyota kabisa na kuunganisha safu. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na mahitaji yao darasani yanakaribiana: kukaa mbele, maandishi makubwa, miwani. Unganisha safu hizo mbili, uiite "uoni hafifu, pamoja na ualbino". Shule A inakuwa 13, shule B 15, shule C 12, kata 40. Angalia jedwali upya: hakuna kisanduku kilicho chini ya 10, hakuna kinyota, jumla zote zinasimama, na hakuna anayeweza kutoa akapata mtoto. Idadi ya wenye ualbino peke yao itoe kwenye ngazi ya mkoa. Jinsi na darasa nazo zitoe kwa halmashauri nzima, kila moja kwenye jedwali lake, maana ukizichanganya na aina ya ulemavu katika jedwali moja la ngazi ya shule, karibu kila kisanduku kitakuwa na mtoto mmoja.

Kama shule zako ni ndogo na hata kuunganisha hakufikishi 10, panda ngazi: kata badala ya shule, tarafa badala ya kata. Shule nzima kuwa na watoto wanne wenye ulemavu si siri ya serikali, ila ni siri ya watoto wanne.

Kuna mitego mingine ambayo jedwali lililosafishwa vizuri bado linanaswa nayo. Asilimia ni mmoja. Ukiandika kwamba asilimia 100 ya wanafunzi viziwi wa shule A hawakufaulu mtihani, hata kama ni 11, umemwambia kila mtu matokeo ya kila mtoto kiziwi anayemjua pale. Sifuri kwa mia ni vivyo hivyo. Andika "zaidi ya 90" au "chini ya 10". Uwiano nao: "mwalimu 1 kwa wanafunzi 4", na walimu wametajwa kuwa wawili, umeshasema nane. Na muda: Machi viziwi 12, Juni 13, na mtaani wote wanajua nani amehamia mwezi Mei. Toa takwimu mara moja kwa mwaka, usitoe kila muhula.

Faili lenyewe nalo lina siri zake. Safu uliyoificha kwenye Ekseli haijafutwa, na jedwali egemeo (lile la "pivot", linalojumlisha orodha ndefu kuwa muhtasari) huweza kubeba nakala ya orodha nzima ulikolitoa, majina yakiwemo. Agosti 2023 Jeshi la Polisi la Ireland ya Kaskazini lilijibu ombi la taarifa kwa faili la Ekseli lenye ukurasa uliofichwa. Ndani ya ukurasa huo mlikuwa na taarifa za watumishi 9,483. Mwaka uliofuata likatozwa faini ya pauni 750,000. Lile ni jeshi la polisi lenye wataalamu wake. Kwa hiyo usifiche safu: fungua faili jipya tupu, bandika namba za mwisho tu, litoe kama PDF, kisha mpe mtu asiyehusika alifungue na ajaribu kutafuta jina la shule moja na jina la mtoto mmoja.

Na picha. Nimeona ripoti ambayo ukurasa wa tatu umesafishwa kwa uangalifu mkubwa, na jalada lake ni mtoto mwenye ualbino akipokea mafuta ya kuzuia jua, nembo ya shule ikisomeka kwenye sweta. Kenya mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Jalada lako liwe na mashine ya breli mezani. Inatosha kabisa.

Sasa madiwani. Hili ndilo nililotaka sana kukuambia, maana hofu yako ya kuonekana unaficha ni ya kweli. Diwani anayeuliza fedha zimekwenda wapi hahitaji kujua ni mtoto gani ana usonji. Anahitaji kujua kuhusu shule, na shule haina faragha. Chapisha shule kwa shule, bila kuficha hata herufi: vyoo vinavyoingilika kwa kiti cha magurudumu ni vingapi, njia ya mteremko ipo au haipo, mashine za breli ni ngapi na ngapi zinafanya kazi, karatasi za breli zilifika mwezi gani, bweni lina uzio au halina, fedha zilizopokelewa na zilizotumika. Walimu wenye mafunzo ya elimu maalum waweke pia, mradi usiwaambatanishe na uwiano ule niliousema. Jedwali hilo litawabana mkurugenzi na wewe mwenyewe kuliko idadi yoyote ya watoto, na mzazi atalielewa akiwa amesimama hapo ubaoni.

Orodha kamili, yenye kila mtoto na mahitaji yake, ibaki kwenye mfumo wa ndani, kwa wale tu ambao bila hiyo hawawezi kununua kifaa sahihi au kumpanga mwalimu sahihi. Diwani akiidai, mwambie kwa heshima kwamba hata kaimu wako haioni, kisha hakikisha kweli haioni. Barua pepe na makundi ya WhatsApp ya walimu wakuu si mfumo wa ndani; najua ndiko orodha nyingi zinakopita, na huko ndiko ningekwenda kuzitafuta kama ningekuwa mtu mwenye nia mbaya.

Kabla ya kuandaa jedwali jipya, kuna kazi ya wiki hii. Fungua tovuti ya halmashauri utafute taarifa za miaka iliyopita, hasa zile za PDF zenye neno "mahitaji maalum", kwa sababu jedwali safi la mwaka huu likiwekwa karibu na la mwaka jana ambalo halikusafishwa, mtu atamjua mtoto kwa lile la zamani. Ziondoe, na uombe nakala zilizobaki kwenye injini za utafutaji nazo ziondolewe. Wapigie watendaji wa kata wabandue za ubaoni. Ukikuta ambako mtoto mwenye ualbino ametajwa kwa shule na darasa, usiishie kubandua: mwone afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo, itaarifuni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mzazi aambiwe ana kwa ana, si kwa barua atakayoipeleka kwa jirani amsomee.