Betri Yangu Inakata Kila Juni

SWALI: Shikamoo mama fundi. Niko Matamba, Makete. Nina paneli ya wati 150 na betri ya maji ya ampia 100, volti 12. Masika taa zinanifikisha asubuhi. Ikiingia Juni, saa nane usiku inveta inalia, giza. Kipindi hicho balbu ya vifaranga, wati 60, naiacha usiku kucha. Muuzaji anasema betri ni mbovu, ninunue ya lithiamu. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hela bado.

Piga hesabu nami. Betri yako ikijaa ina uniti 1.2 (ampia 100 mara volti 12 ni wati-saa 1,200, na uniti moja ni wati-saa 1,000), na ya maji isishushwe zaidi ya nusu, kwa hiyo usiku unazo 0.6. Balbu ya wati 60 kwa saa 12 inataka 0.72. Hapo sijagusa baridi wala taa za ndani.

Sasa baridi. Namba iliyoandikwa kwenye betri imepimwa kwenye nyuzi 25. Ikikaribia sifuri, unapata kama robo tatu na kidogo tu, maana asidi hufanya kazi polepole, kama togwa inavyochelewa kuchachuka Juni. Paneli yenyewe hupenda baridi. Tatizo ni kujaza: kwenye nyuzi 5 betri ya maji inahitaji karibu nusu volti zaidi kuliko kwenye nyuzi 25. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, isipojua kuna baridi inakata mapema, betri inashinda na njaa.

Mwaka juzi nilifungua ya jirani yangu hapa Uyole. Ilikaa sakafuni, kwenye saruji, stoo ya bati. Sahani zilikuwa na ukoko mweupe kama unga ulioganda. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, ilisimama 1.15, wakati iliyojaa husoma karibu 1.27. Ukoko ule ukikomaa hautoki. Iliniuma, alikuwa ameuza mbuzi wawili kuinunua.

Basi inyanyue yako, iweke kwenye sanduku la mbao, chumba chenye hewa, mbali na moto kwa sababu ya gesi yake. Tafuta kontrola yenye waya wa kupima joto, waya huo ugusishwe ubavuni mwa betri. Lithiamu ni nzuri, ila haichajiwi chini ya sifuri: madini hujibandika ndani na kuiharibu moja kwa moja. Kwa asubuhi zenu za umande ulioganda, chukua tu yenye ulinzi unaozuia hilo.

Na vifaranga watoe kwenye betri. Joto lihifadhi kama joto. Ufini, mji wa Kankaanpää, tangu 2022 wana silo, pipa kubwa la chuma, yenye tani 100 za mchanga. Umeme wa jua na upepo unaupasha, halafu joto linapelekwa majumbani. Wewe una moto wa jioni. Debe lenye kilo 20 za mchanga mkavu, likizidi baridi ya chumba kwa nyuzi 150, linabeba karibu uniti 0.7, joto la balbu yako usiku mzima! Livishe magunia baada ya kutoka motoni na kupoa kiasi cha kutoyaunguza, lizungushie matofali vifaranga wasiliguse. Makaa yabaki nje, hewa yake inaua.

Kesho, kabla jua halijagusa paneli, pima seli zote sita kwa haidromita uniandikie namba zake.