Umehamia Mji Mkongwe? Usiziharakishe kuta

Dada, hongera kwa kupata nyumba. Umesema uko ghorofa ya pili Mji Mkongwe, Unguja, rangi inabanduka ukutani, na unataka kupamba kila chumba kabla ya mwezi kwisha. Subiri kidogo. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na lazima zipumue. Mimi nilipaka rangi ya mafuta sebuleni, masika ilipoingia ikafura na kubanduka mabaka mabaka. Nikakwangua yote, nikapaka chokaa. Na nyufa usizibe kwa saruji, tafadhali.

Anza na kitanda, chandarua na mkeka, upitishe masika moja uone maji yanapopenya. Kabati lisigusane na ukuta, nguo zitaota ukungu (kanzu zangu mbili zilikwenda hivyo). Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, basi pima ngazi kabla ya kununua kochi.

Boriti ikimwaga unga au dari ikibonyea, mwite fundi anayezijua nyumba za kale. Kutoboa ukuta, muulize mwenye nyumba. Kubadili dirisha au mlango, pitia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 2000.