MGB ya 1972 mnadani: mkuu, usinyooshe mkono kabla hujalala chini yake

Mkuu, simama hapohapo. Umeandika kwamba umeiona MGB ya 1972, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, kwenye orodha ya mnada wa Jumamosi huku Midlands, katikati ya Uingereza, bampa za kromu, kijani iliyokolea, "imekarabatiwa yote bila kujali gharama". Ukauliza uishie bei gani, ringi za spoki zina faida gani kuliko zile za Rostyle za bamba la chuma, na kuipakia meli hadi Dar kutakula kiasi gani. Halafu katikati ukapitisha sentensi moja kama jambo dogo: hutakwenda kuitazama, utapandisha bei kwa simu maana picha zinaridhisha.

Hiyo sentensi ndiyo imeninyima usingizi. Nilinunua gari la aina hiyohiyo, la 1971, kwenye mnada wa huku huku. Na mimi angalau nilikwenda kulitazama! Nyundo ikagonga kwa pauni 11,500. Juu yake kamisheni ya mnada asilimia 12, na juu ya kamisheni VAT asilimia 20, nikalipa 13,156 kabla sijapewa ufunguo. Pesa hizo sizililii. Ninazolilia ni 9,400 zilizofuata, zote zikaingia kwenye chuma ambacho siku ya mnada hakuna aliyekiona.

Lazima uelewe gari hili limejengwaje. MGA iliyolitangulia ilikuwa na chasisi, bodi ikakalishwa juu yake. MGB haina. Tangu ilipoanza kutoka kiwandani Abingdon mwaka 1962, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Na hii unayoitaka wewe ni ya turubai, haina paa la chuma la kusaidia kubeba. Kinachozuia nusu ya mbele isiachane na nusu ya nyuma, kwa sehemu kubwa, ni vizingiti viwili: ile mihimili inayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Kila kizingiti ni bamba la ndani, bamba la nje, na jingine limesimama katikati yao. Hapo ndipo uhai wa gari ulipo. Si kwenye injini wala kwenye viti vya ngozi.

Sasa tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya ndani ya madigadi, nyuma ya tairi, pale pale kizingiti kinapoanzia. Linakaa humo na unyevu wake miaka. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo nayo inaingia humo. Kutu inaanza ndani inatoka nje. Ukiona rangi imetoa vipele viwili vitatu chini ya mlango, bamba la katikati limeshakuwa unga.

Kulitengeneza kwa haki ni kazi kubwa. Kizingiti cha nje hakiishii mlangoni. Mbele kimefichwa na madigadi, nyuma kimefichwa na bodi. Fundi wa kweli anafungua madigadi ya mbele, ambayo yamefungwa kwa bolti, anakata sehemu ya chini ya bodi ya nyuma, na kabla ya kukata chochote anachomelea vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango isije ikabadilika. Ndiyo maana kazi ya kweli huacha picha: gari limevuliwa madigadi, vizingiti viko uchi, vyuma vimekatiza mlangoni. Mtu aliyetumia pesa na miezi yake kwenye kazi hiyo hawezi kuacha kuipiga picha.

Langu lilifanyiwaje? Walichukua bamba jipya, wakalichomelea juu ya lililooza, wakajaza fila, ile pasti ya kuziba mashimo ya bodi, wakapiga msasa, wakapaka rangi safi kabisa. Chini wakamwagia ile dawa nyeusi nzito kama lami, kila mahali, hata kwenye bolti. Nami nikaiona ile lami nikasema moyoni, watu hawa wameitunza.

Siku ya kutazama nilivaa suti, natoka kazini. Nikafungua boneti kwanza. Injini inang'aa, kabureta mbili za SU zimesuguliwa kama sahani za harusi. Nikainama kidogo nichungulie chini, na hapo ndipo akaja mzee mmoja wa koti la kijani. Akajifanya mtazamaji kama mimi. Akaniambia anazijua MGB tangu ujana wake, hii ni safi, "chini kumepigwa dawa, usichafue suti yako bure." Nikainuka. Wiki iliyofuata nilipokwenda kuchukua gari, aliyenikabidhi ufunguo kwa niaba ya muuzaji alikuwa yeye. Koti lilelile! Hakunitazama usoni. Mpaka leo nikimkumbuka mikono inatetemeka. Mtu mzima, mvi kichwani, anasimama siku nzima mnadani kuzuia watu wasiiname. Na aliyeandika orodha naye simsamehe, kwa sababu "imekarabatiwa yote" aliliandika bila kuuliza picha moja.

Najua kuna watakaoandika hapa chini kwamba nilitaka mwenyewe. Subirini nimalize.

Wiki ya tatu nataka kubadilisha pedi za breki. Nikaweka jeki pale panapowekwa jeki, nikaanza kupandisha. Jeki inapanda, gari halipandi. Nikasikia mlio kama mtu anakanyaga majani makavu. Nikajaribu kufungua mlango, umegoma, umebanwa. Nikateremsha, ukafunguka. Nikakaa chini kwenye saruji dakika nyingi. Fundi niliyempelekea, Mwingereza asiyependa maneno, alitia bisibisi ikazama hadi mpini. Akaniangalia, akaenda kuchemsha chai. Vizingiti vyote viwili na sakafu ilikuwa pauni 6,200. Rangi upya, 3,200. Lile kijani nililoligombea mnadani lilikwanguliwa lote.

Na msidhani dukani na mnadani ni sawa. Kwenye mnada wa hadhara ambao mtu anaweza kuhudhuria mwenyewe, sheria ya haki za mlaji ya 2015 haikupi kwa kitu kilichotumika ule ulinzi wa ubora unaoupata dukani. Nilipiga simu, nikaandika barua, nikajibiwa kwamba maelezo ya orodha ni maoni tu na mnunuzi alipewa nafasi ya kukagua. Nafasi nilipewa kweli. Suti ndiyo ilinizuia.

Baba yangu alikuwa fundi wa gereji Tanga. Tangu nina akili sijamwona akifungua boneti ya gari la mtu kabla ya kutandika gunia na kulala chini. Mteja anaeleza matatizo ya injini, mzee yuko chini anagonga kwa kishikio cha nyundo, anasikiliza. Nimekua naliona hilo kila siku.

Umesema mnadani wamekuambia gari halihitaji MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari. Ni kweli, tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi huo. Lakini fikiria maana yake: huenda hakuna mkaguzi aliyelala chini ya gari hilo kwa miaka. Ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali, historia ya MOT ni bure. Kama mwaka fulani liliandikiwa kutu karibu na vizingiti, halafu halikurudi tena kukaguliwa, uliza nani alitengeneza na risiti iko wapi. Wakikuambia limewekwa bodi mpya, inawezekana, British Motor Heritage wanatengeneza bodi nzima za MGB tangu 1988. Lakini bodi hiyo hainunuliwi bila risiti.

Bei? Mkuu, sikutajii bei ya gari ambalo hujalala chini yake. Injini ya 1798 cc ikifa vipuri vyake vimejaa Uingereza nzima na mafundi wanaijua kama sala zao. Vizingiti vikifa, gari limekufa. Chukua sumaku, ifunge kwenye leso isikwangue rangi, ipitishe chini ya milango yote miwili. Inaposhika, inaachia, inashika tena, hapo ni fila. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeshainama tumboni. Kisha omba lipandishwe kwa jeki, na likiwa juu, fungua mlango mwenyewe kwa mkono wako. Wakikataa jeki, rudi nyumbani. Wakisema picha za kazi zimepotea, rudi nyumbani. Akija mzee akakuambia usichafuke, lala chini palepale mbele yake.

Umesema siku ya kutazama ni Ijumaa na wewe huwezi kutoka London. Mimi niko mwendo wa saa moja tu kutoka hapo mnadani. Nitumie namba ya gari kwenye ujumbe binafsi usiku huu. Nitaomba ruhusa kazini niende mwenyewe, na jeki yangu, sumaku, tochi na gunia.