Jibu: Mama ana kiharusi na anakohoa akinywa uji

Dada, weka hicho kijiko chini kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba mamako ametoka hospitali juzi, upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda kombo, na mko naye nyumbani hapo Lamu. Unauliza afanye mazoezi gani, kiti cha magurudumu kinapatikana wapi, na kama kuna haja ya kumvusha kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, apelekwe Mombasa. Halafu katikati, kana kwamba ni jambo dogo, ukasema mnamnywesha uji akiwa amelala, kila akinywa anakohoa, na yule anayekuja kumchua amewaambia kikohozi ni balaghamu ya ugonjwa inatoka. Mimi nimekwama hapo.

Hiyo si balaghamu. Mamako anapaliwa, na uji unaingia mapafuni.

Maneno hayohayo tuliambiwa sisi huku Malindi babangu alipopata kiharusi. Alikuja bwana mmoja na mkoba wa mafuta, anajiita mtaalamu wa kupooza, anaongea kwa uhakika kuliko daktari yeyote niliyewahi kumsikia. Alisema mgonjwa asipokula hapati nguvu, mtilieni tu, akikohoa ndiyo anasafishika kifua. Nyumba nzima ikamwamini, kwa sababu alikuwa akisema tulichotaka kusikia. Sauti ya mzee ikaanza kuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Bwana yule akasema mashaallah, sauti inarudi. Jioni mwili ukachemka, akasema damu imeanza kutembea. Mzee akawa analala mchana kutwa, hata kumwamsha ni kazi, naye akatwambia tumwache apumzike, mwili unajijenga. Kila dalili ya hatari aliigeuza kuwa habari njema, na kwa kila habari njema alilipwa.

Tulipomrudisha hospitali alikuwa anapumua kwa mabega. Daktari akamsikiliza mgongoni na hata hakutuuliza maswali mengi. Nimonia, pafu la kulia. Dada, babangu alikuwa ameshaanza kuinua ule mkono. Alikuwa anatutaja majina, mmoja mmoja, anakosea na kurudia. Kiharusi chenyewe alikuwa anakishinda. Kilichomchukua ni uji wa mchele uliopikwa na watu wanaompenda, na ushauri wa mtu asiyejua koo linafanyaje kazi. Mungu amrehemu. Yule bwana nasikia bado anazunguka na mkoba wake, na ndiyo maana nakuandikia kwa ukali.

Wala simlaumu yeye peke yake. Wodi iliyomruhusu ilitupa karatasi yenye dawa za presha na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyemkalisha, akampa maji kidogo na kumtazama akimeza. Hakuna aliyetuambia hata sentensi moja kuhusu kula. Ingekuwa kazi ya dakika chache tu.

Kumeza kunaonekana jambo la hivihivi, lakini ni kazi ya misuli mingi ya mdomo, ulimi na koo, na yote inaamriwa na ubongo. Ukimeza, koromeo hupanda na njia ya hewa hufungwa mpaka chakula kipite. Kiharusi kikigusa sehemu hizo, ule mlango unachelewa kufunga au haufungi sawasawa. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida hii siku za mwanzo. Na vinavyowapalia wengi wao ni vile tunavyoviona laini: maji, chai, supu, madafu, uji mwepesi. Vinakimbia kabla koo halijajiandaa. Linalotisha zaidi ni kwamba wengine hawakohoi kabisa. Koo limepoteza hisia, chakula kinateremka mapafuni kimyakimya, na nyinyi mnafurahi bakuli limekwisha. Nimonia ni miongoni mwa vitu vinavyoua sana wagonjwa wa kiharusi katika wiki za mwanzo.

Kwa hiyo shika neno langu moja: hakiingii kitu mdomoni mwake mpaka kumeza kwake kupimwe. Si uji, si maji, si kidonge.

Mpelekeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu leo. Usiseme "mama hajisikii vizuri", utakaa kwenye foleni. Sema hivi: ana kiharusi, anakohoa akinywa, tunaomba apimwe kumeza na asikilizwe kifua. Watamkalisha wima, watampa maji kidogo kidogo na kuangalia kama anakohoa, kama sauti inabadilika, kama pumzi inapanda. Akishindwa, huenda wakamwekea mpira wa puani wa kumlishia. Najua watu wetu wakiona mpira puani wanafungua Yasini. Mwambieni shangazi yenu aifunge. Wengi hurudiwa na kumeza ndani ya siku au wiki chache, na mpira ukatolewa. Ila hata kwa mpira, alishwe kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, na wakufundisheni namna ya kuhakikisha uko mahali pake kabla ya kutia chochote.

Dawa za presha zisikatizwe kwa sababu ya haya. Muulizeni daktari apewe kwa njia gani. Na msijisagie vidonge wenyewe mkachanganya na asali, kwa sababu vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole na vikisagwa vinaingia mwilini vyote kwa mpigo.

Nimesoma pia kwamba ameandikiwa kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji anywe, na kuna maji ya Zamzam ndugu ameyaleta. Simzuii mtu dua, mimi mwenyewe nilikesha nikisoma. Asomewe, apakwe, apanguswe mwili kwa maji hayo. Kunywa kungoje. Shekhe yeyote mwenye elimu atakuunga mkono ukimweleza kwamba yanaingia mapafuni.

Kazi ngumu itakuwa mlangoni. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Huyu analeta supu ya kuku, yule uji wa pilipili manga, mwingine atakaa kitandani amtilie kijiko kimoja tu "nipate thawabu". Chagueni mtu mmoja mwenye uso mkavu akae naye, na vyakula vyote viishie jikoni, mvile nyinyi.

Wakisema anaruhusiwa kula, wakuambie kiwe kizito au chepesi kiasi gani, mfuate hivyohivyo. Awe macho kamili, ameketi wima kabisa, mito mgongoni na ubavuni ili asipinde. Kijiko kidogo, ameze, usubiri, ndipo cha pili. Asiongeleshwe akitafuna. Mwishoni mmulike shavu la upande uliolegea, chakula hujificha hapo bila yeye kujua. Akae hivyo nusu saa nyingine. Na mswaki asubuhi na jioni, hata siku ambazo hali kitu kwa mdomo, maana mate yenye vijidudu nayo huteremka mapafuni. Hili la mswaki hakuna aliyetuambia kabisa.

Mazoezi ataonyeshwa na mtu wa fiziotherapia, umwombe hapohapo hospitali. Kwa sasa msimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, misuli inayolishikilia bega lake imelegea na linaweza kuchomoka. Huyo mchuaji naye mwambieni kwa adabu apumzike, hasa kama ndiye anayemvuta.

Safari ya Mombasa aiamue daktari baada ya kumsikiliza kifua. Ikiwa mtavuka Mokowe, awe ameketi wima botini na garini, na asipewe kitu njiani hata akilalamika kiu. Mloweshe midomo kwa kitambaa chenye unyevu tu, kisichodondosha maji.

Ikiwa sasa hivi ana homa, anapumua harakaharaka, au amekuwa mzito wa kuamka kuliko jana, usingoje kupambazuke. Tafuteni vijana wamteremshe kwa kiti, mwende. Halafu niandikie hapahapa, uniambie walimpa maji na sauti yake ikawaje baada ya kumeza.