Blogu ya bure au domeni ya kulipia? Kabla hujachapisha lebo, soma hapa

Hapa Mwanga, Kigoma, haipiti wiki bila kijana kuniuliza, kaka, nianze na blogspot ya bure au nijichange ninunue .com kabisa? Mi badala ya kujibu nauliza: hiyo anwani ushaiandika mahali pasipofutika? Kwenye lebo, kwenye mhuri, kwenye kitabu cha risiti, ubavuni mwa bajaji? Kama bado tulia na ya bure, andika, jifunze, wengi tunaachia njiani baada ya makala tano na hakuna haja ya kuachia njiani ukiwa umelipia. Ila siku unapeleka lebo kwa mchapaji, nunua jina kwanza, hata kama mwezi mzima utakula ugali na dagaa, ambayo kwa Kigoma si adhabu.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Domeni, yani jina la anwani yako, ni kibao cha duka, hostingi, yani pale blogu inapokaa, ni fremu yenyewe. Kibao chako unaweza kukitundika kwenye fremu ya bure na hakuna atakayekuuliza, na hii njia ndo wengi hawaijui. Blogger, ndo hao wenye blogspot, ile Google waliyoinunua 2003, inakubali domeni yako bila kukutoza hata mia, we unalipia jina tu. Unaingia kule uliponunua jina, sehemu ya DNS, yani mipangilio ya jina lielekee wapi, unaweka rekodi mbili za CNAME, yani mistari ya kuelekeza, wanazokupa Blogger, moja ni ya www inaelekezwa ghs.google.com, unasubiri, inaweza kuchukua siku nzima kwa hiyo usianze kubonyeza bonyeza ovyo ukidhani umekosea. Ikikaa sawa, mtu akifungua ile anwani ya zamani ya blogspot anapelekwa mwenyewe kwenye mpya. WordPress.com hapana, kule jina lako linataka mpango wa kulipia. Ipo pia programu ya WordPress yenyewe, ya bure, ila unaiweka kwenye hosti unayolipia na matengenezo yote ni juu yako, kwa anayeanza sishauri.

Sasa mi nilivyoumia. Nauza dagaa wakavu wa Kibirizi na mawese, nafunga kwenye pakiti natuma Dar na Mwanza. Nilimpa fundi mmoja hela anitengenezee kila kitu, akatengeneza, ikapendeza, nikachapisha lebo mia tano. Sikuuliza kitu kimoja tu: domeni imeandikishwa kwa barua pepe ya nani. Ilikuwa ya kwake. Akahama mji, namba haipatikani, mwaka ukaisha, taarifa za kulipia zote zinaenda kwenye barua pepe yake, mi nalala usingizi. Nikaja kushtuliwa na mteja wangu wa Mwanza, mama mtu mzima wa heshima zake, ananipigia ananiuliza mwanangu siku hizi umeingia kwenye kamari? Jina langu limechukuliwa na watu wa kubeti, na pakiti zangu zinawatangazia bure! Lebo zilizobaki nilikaa na wadogo zangu usiku tunazifuta kwa kalamu ya maka moja moja.

Kwa hiyo fundi mtumie, ila akaunti fungua mwenyewe, kwa barua pepe unayoifungua kila siku, nenosiri lako, namba yako. Ukishanunua .com unaletewa barua ya kuthibitisha hiyo barua pepe, una siku 15, ukipuuza jina linaweza kusimamishwa, nimeona kijana kaja analia blogu imekufa kumbe barua imelala kwenye spamu. Na ukitaka kuhamia kwa muuzaji mwingine, siku 60 za kwanza kwa kawaida haiwezekani, baada ya hapo unaomba namba ya siri ya kuhamisha, basi usikubali kununua jina kwa mtu ambaye huelewi akaunti yake ikoje.

Bei nayo ina mtego. Septemba 2024 bei ya jumla ya .com, yani ile wauzaji wenyewe wanayolipa kwa mwaka, ilipanda hadi dola 10.26, sasa anayekuuzia kwa dola moja unadhani anakupenda? Anajua mwaka wa pili utalipa ya kweli. Angalia bei ya kuhuisha, sio ya kuanzia. Ukitaka .co.tz hizo zinauzwa na mawakala wa hapahapa nchini, wengi unawalipa kwa simu bila kuhangaika na kadi. Domeni za bure kabisa sahau, waliokimbilia .tk na .ml wanajua, Freenom waliokuwa wanazigawa walisimamisha usajili mpya 2023 na Februari 2024 wakatangaza wanaacha biashara hiyo.

Jingine ni muda wa kulipia. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hakuna kuvua, na domeni yangu mpya ilikuwa inaisha Juni! Nilikopa. Tangu hapo nalipia miaka mitatu kwa mkupuo dagaa wakiwa wengi na hela ipo mkononi, .com unaruhusiwa hadi miaka 10. Ukichelewa sana jina linaingia siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa, halafu siku 5 za kungoja lifutwe, halafu anachukua yeyote.

Hata ukibaki kwenye ya bure, kila mwezi shusha nakala ya blogu yako kwenye mipangilio, ila ujue faili lile la Blogger linabeba maandishi, picha linabeba viungo vyake tu, picha zenyewe tunza kwenye flashi. Na kama unataka kuandika habari, kaulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mambo ya leseni kwanza, kanuni zipo tangu 2018 na zimeshabadilishwa.

Yule mama wa Mwanza bado ananunua kwangu, ila kila pakiti ikifika lazima apige kuniuliza kama hiyo anwani ya sasa ni yangu kweli.