Inhela ya bluu inampa nafuu ya saa chache tu: je, mwili umeizoea?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 8 na ana pumu. Tulipewa inhela ya bluu, ya salbutamoli. Akivuta anapata nafuu, lakini usiku wa manane anaamka akikohoa na kifua kinalia. Siku hizi inhela moja inaisha ndani ya mwezi. Je, mwili wake umeizoea dawa? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba mama. Mazoea yapo kidogo kwa mtu anayeivuta kila siku, lakini kisa kikubwa ni kwamba dawa hiyo haigusi chanzo cha ugonjwa.

Mirija ya hewa ya mwenye pumu hubanwa na mambo matatu kwa pamoja: misuli inayoizunguka hukaza, ukuta wake wa ndani huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Kipenyo cha mrija kikipungua nusu, ugumu wa hewa kupita huongezeka takriban mara 16, ndiyo maana uvimbe mdogo tu humtesa mtoto. Mlio husikika zaidi anapotoa pumzi kwa sababu hapo mirija husinyaa zaidi, na hewa hukwama ndani.

Salbutamoli hulegeza misuli tu. Huanza kazi ndani ya dakika 5 na kuisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe na makohozi huviacha pale pale. Usiku, homoni ya kotisoli ambayo mwili hutengeneza kutuliza uvimbe huwa chini, na mirija hujibana yenyewe zaidi.

Inhela moja ina mipulizo 200. Ikiisha ndani ya mwezi, anavuta karibu mara 7 kwa siku. Hiyo ni dalili ya hatari, mama: wanaotumia inhela ya bluu moja kila mwezi ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa pumu. Mpeleke kliniki wiki hii, ukaulizie inhela ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, kama beklometasoni. Kwa umri wake kawaida huanzia mikrogramu 100 hadi 200 kwa siku, na huvutwa kila siku hata akiwa hana dalili. Matokeo huchukua siku kadhaa hadi wiki chache. Wengi huiacha hapo kwa kudhani haifanyi kazi. Wazazi huogopa neno steroidi, lakini dozi ya inhela ni ndogo sana: kidonge kimoja tu cha prednisoloni, steroidi ya kumeza, cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000, na sehemu kubwa yake huingia kwenye damu. Hata hivyo, daktari ataendelea kumpima urefu kuona kama anakua vizuri. Akishavuta steroidi, asukutue mdomo na kutema maji, la sivyo anaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Sasa namna ya kuvuta, maana hapa dawa nyingi hupotea. Dawa hutoka kwa kasi na kugonga koo badala ya kushuka mapafuni. Anahitaji spesa, yaani kopo linalounganishwa na inhela ili dawa itulie humo kabla hajaivuta. Usipoipata, chupa ya plastiki ya mililita 500 inatosha; watafiti wa Afrika Kusini walionyesha hivyo mwaka 1999. Toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela ikae bila kuvuja, na uzungushie gundi au utepe. Safisha vipande vya plastiki vilivyobaki ndani. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe: ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli unaonasa dawa ukutani.

Tikisa inhela, mtoto atoe pumzi, abane midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi polepole mara 5 bila kuachia. Subiri nusu dakika, tikisa tena ndipo ubonyeze. Ukibonyeza mara mbili kwa mpigo, matone hugongana na kuganda kwenye plastiki. Na usipime kama dawa imebaki kwa kuiweka inhela ielee kwenye maji wala kwa kuitikisa na kusikiliza kama bado inacheza. Gesi hubaki baada ya dawa kuisha. Hesabu: mipulizo 4 kwa siku ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwenye inhela.

Antibayotiki na dawa za maji za kikohozi hazitibu pumu. Ila kikohozi kikizidi wiki mbili huku anapungua uzito, ana homa za jioni au nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, apimwe TB pia. Jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma viondoke chumba anacholala.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au mlio ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hewa haipiti. Mpe salbutamoli kwa chupa hiyo, mpulizo mmoja mmoja, kuanzia 4 hadi 10, na uondoke naye hospitali hapo hapo. Kama bado mko njiani baada ya dakika 20, rudia, akiwa ameketi wima. Usimlaze.