Rangi tatu, lakini moja iwe mwenye nyumba

Bango la kwanza nililomtengenezea mama mmoja anayeuza sato wa kukaanga pale Kirumba, Mwanza, lilikuwa na nyekundu, njano na kijani. Nilizigawa sawasawa kama mtu anayegawa urithi akiogopa ugomvi. Kwenye simu lilikuwa linawaka. Lilipotundikwa, mama akavuka barabara, akaligeukia, akalitazama kimya. "Mwanangu, limependeza. Ila sijui linasema nini."

Namba ya simu nilikuwa nimeiandika kwa nyekundu juu ya kijani. Abiria wa daladala asingeisoma hata gari likiharibikia pale pale.

Tangu hapo sigawi sawa. Rangi moja inakuwa mwenye nyumba, inachukua kama asilimia 60. Ya pili ni mgeni aliyepewa chumba, asilimia 30. Ya tatu inapiga hodi tu, asilimia 10. Wapambaji wa nyumba wanaijua hesabu hii siku nyingi, wala si amri. Mimi huipindisha nikiona inabana. Ila hiyo ndogo ndiyo ninayoikabidhi kitu ninachotaka kionekane kwanza: bei, namba, vifungo vya shati.

Bibi zetu walishayajua haya. Tandika khanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyekundu na nyeusi ni nzito zote mbili, na nyeupe ndiyo inayozitenganisha zisigombane. Au tazama bendera yetu ya mwaka 1964. Nyeusi, kijani na bluu zingezama pamoja ukiwa mbali, kama si ile michirizi miwili myembamba ya njano.

Kabla ya kuchapisha chochote, piga picha kazi yako kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikigeuka kijivu kimoja, usiandike moja juu ya nyingine, hata ziwe kali namna gani. Nilipoujaribu mchoro wa yule mama (nimeshachelewa, najua), maandishi yalipotea kabisa. Halafu kuna watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nao wanakula samaki.

Omba pia kipande cha majaribio kwa mchapishaji. Kioo cha simu kinatoa mwanga, wino hautoi, na ule kijani unaong'aa mkononi unaweza kutoka umefifia kama mchicha wa jana. Jua nalo lina lake: kwenye mabango mengi yaliyochapishwa, nyekundu na njano hupauka mapema. Pita Makoroboi uangalie yaliyokaa miaka. Yamebaki bluu bluu, hata picha za nyanya.

Kwenye mavazi mambo ni mepesi. Kitenge chako kikiwa na rangi tatu tayari, usiongeze ya nne. Chagua ile iliyo kidogo zaidi kwenye kitambaa, kisha uitafute kwenye viatu au kilemba. Damu ya mzee kwenye ua dogo tu, na viatu vya damu ya mzee: watu watakuuliza fundi wako ni nani.

Yule mama nilimfanyia bango lingine bila malipo, safari hii la kupaka kwa brashi kwenye bati. Bluu iliyokoza karibu lote, maandishi meupe, namba ya njano. Njano ikipauka naipitishia tena. Nyekundu na kijani hakukubali zipotee. Alinituma nikapake viti.